Mafaili ya Mikorosho Niliyodhani Nimeyahifadhi

Vijana wa ofisini waliponiaga waliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi yangu. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeshiba pilau yao na sikuona njia ya kukataa. Sasa ni mwezi wa pili nipo nyumbani Ufukoni, asubuhi naamka saa ile ile ya zamani kisha nakumbuka kwamba hakuna anayenisubiri, basi nimeona niandike. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache, na hakuna hata kimoja kilichobadilisha kiti nilichokalia. Nitawaeleza nilivyoingia kazini, aliyenifundisha, na jambo moja nililoliharibu. Hilo la mwisho mnalijua nusunusu, kila mmoja kwa namna alivyosimuliwa. Afadhali mlisikie kwangu.

Niliajiriwa kuwa karani wa takwimu katika mradi wetu wa mikorosho. Nilikuja siku ya kwanza na viatu vya visigino, nikijua nitakaa mezani. Mpokeaji wangu alikuwa Mzee Likwati, msimamizi wa shamba la majaribio, mtu mfupi mwenye kofia ya ukili na mifuko ya shati iliyojaa penseli. Alivitazama viatu vyangu, akanipeleka shambani. Tulitembea mstari hadi mstari mpaka mchanga ukanijaa kwenye viatu.

"Kila mkorosho hapa una mama yake," aliniambia. "Mama yuko kijijini, kwenye shamba la mtu. Mimi nilikwenda kwa baiskeli, nikakata vikonyo vya ncha za matawi, nikaja kubebesha miche hapa, yaani kuviunga juu ya mashina yake. Huu kibao chake kinasema mstari wa tatu, mti wa saba. Basi. Kibao hakijui mama ni nani. Daftari ndilo linalojua."

"Na wewe mzee, hujui?"

"Mimi najua," alisema, kwa majivuno ambayo baadaye niliyazoea. "Lakini mimi si ofisi."

Kazi yetu ilikuwa kutafuta mikorosho inayostahimili ubwiri unga, ule ugonjwa unaoyapaka maua vumbi jeupe mpaka yanakauka na mkulima anabaki na majani. Kila msimu wa maua tulipita mti kwa mti, tukiangalia maua yamepakwa kiasi gani. Msimu wa mavuno tulikusanya korosho za kila mti kwenye mfuko wake na kuzipima. Mti ukifanya vizuri miaka mingi mfululizo, tunarudi kwenye daftari kuona mama yake ni nani, ndipo tunaanza kuwapa wakulima miche ya uzao ule. Bila jina la mama, mti mzuri ni mti mzuri tu. Hatuwezi kuutolea cheti, wala kuulinganisha na ndugu zake walio kwenye mashamba mengine.

Mzee Likwati alinifundisha kuandika kwa penseli, kwa sababu wino ukipata jasho unakimbia. Alinifundisha kutoamini kibao cha bati hata kama kimepigiliwa misumari minne, kwa kuwa watu wa huku hupenda bati. Na alinifundisha neno ambalo makarani wengi hawalipendi. Nilipomuuliza alama ya mti ambao hakuuona vizuri, alisema, "Andika sijui." Nikamwambia meneja hatapenda. Akasema meneja aje auangalie mwenyewe.

Kompyuta ilipoletwa, iliwekewa chumba chake, pazia lake, na sheria kwamba anayeingia avue viatu. Nilipelekwa mafunzo ya wiki mbili, nikarudi nikiwa mtaalamu wa mradi mzima, kwa maana kwamba nilijua kuiwasha. Nilichukua muda mrefu kuingiza daftari za mistari kumi ya kwanza. Fundi aliyekuwa akituhudumia wakati ule alininakilia kazi hiyo kwenye CD, akaniambia niitunze. Niliitia kwenye droo chini ya karatasi za kaboni. Halafu mradi ukapanda mistari mingine kumi, wa kumi na moja mpaka wa ishirini, vikonyo vyake vikitoka vijiji vya kusini kuelekea mto Ruvuma. Hiyo nayo niliiingiza yote, mti kwa mti, na sikumwita mtu wa kuninakilia. Nilikuwa nimeshakuwa mjuzi.

Mzee Likwati alipostaafu tulifanya usafi wa stoo. Mchwa walikuwa wameingia kwenye makabati, na daftari zake zilikuwa zimeliwa pembeni kama mkate. Zilisomeka, lakini zilinuka, na mimi ndiye niliyependekeza zichomwe. Nasema mimi, kwa sababu baadaye watu wengine walisema meneja aliamuru. Meneja alitia sahihi tu.

Mzee alisimama kando ya moto amekunja mikono. "Una hakika zote zimo kwenye kompyuta?" aliniuliza.

"Zimo, mzee. Hata neno moja halikubaki nje."

Na ilikuwa kweli. Siku ile ilikuwa kweli.

Miaka ikapita. Kompyuta ikawa nzito, ikajaa virusi, ukibonyeza kitu unaweza kwenda kunywa chai na kurudi. Ofisi ikaamua tuhamie mfumo endeshi mwingine, wa bure, ambao walisema haushikwi na virusi ovyo. Akaja Jofrey, fundi wa mjini, kijana wa makamo mwenye adabu na begi la nyaya. Msimu ulikuwa unaanza. Shambani mabibo ya kwanza, yale matunda yanayoning'iniza korosho, yalikuwa yanageuka rangi.

Jofrey aliniambia, "Mama, toa vitu vyako vyote uweke kwenye flashi. Nikishapiga mfumo mpya, diski yote inafutwa. Huku hakurudiki."

Nikatoa. Mafaili yangu ya mikorosho nilikuwa nayafungua kila siku kutoka kwenye uso wa kompyuta, zile picha ndogo unazozibonyeza mara mbili. Nilizichagua zote, nikazivuta mpaka kwenye flashi. Zilihama mara moja, kufumba na kufumbua. Niliona ile kasi nikafurahi, nikadhani flashi ni nzuri.

"Umezifungua kwenye mashine nyingine ukaona zinasomeka?" aliuliza Jofrey.

Mashine nyingine ilikuwa kwa mhasibu, chumba cha tatu, na mhasibu alikuwa mtu wa maneno. Tena ilikuwa karibu saa ya chakula. "Ndiyo," nikasema. "Zinasomeka."

Nimeyafikiria maneno hayo mawili mara nyingi kuliko neno lolote nililowahi kusema kazini. Hayakunipa faida yoyote. Yaliniokolea hatua arobaini za kutembea.

Kesho yake kompyuta ilikuwa nyepesi na yenye rangi mpya. Nilichomeka flashi. Picha zangu zilikuwepo, majina yote sawasawa: Mistari 1–10, Mistari 11–20, Ubwiri, Mavuno. Nikabonyeza. Mashine ikaniandikia kwamba haijui kitu hiki ni nini. Nikabonyeza nyingine. Vilevile. Nikamwita Jofrey, nikamwambia mfumo wake ni mbovu.

Alikaa kwenye kiti changu, akaangalia kwa muda. Akanionyesha namba kando ya kila jina. Kilobaiti moja, kilobaiti moja, kilobaiti moja.

"Mama, kazi ya miaka yote hii haiwezi kuwa kilobaiti moja," alisema taratibu. "Hizi si faili. Hizi ni njia za mkato. Ni kama umeandika kwenye karatasi nyumba iko wapi, ukaibeba karatasi. Nyumba yenyewe ilibaki kwenye diski. Na diski nimeifuta."

Hakuniuliza kuhusu ile ndiyo. Naye alijua, nami nilijua kwamba anajua.

Sitaki mseme Jofrey hakujitahidi. Aliichomoa ile diski, akaiunganisha na mashine yake, akaendesha programu ya kufukua vilivyofutwa siku nne mfululizo. Alieleza kwamba kufuta peke yake hakuondoi kitu papo hapo, ila mfumo mpya ulikuwa umejiandika juu ya vya zamani, na pale ulipojiandikia hapabaki kitu. Vilivyofukuliwa vilirudi bila majina, namba tupu, maelfu kwa maelfu, na mimi nilifungua kimoja kimoja. Barua za likizo zilirudi. Ratiba ya zamu za walinzi ilirudi mara tatu. Picha za sherehe ya kumuaga meneja wa zamani zilirudi zote, hata zile za watu wakitafuna. Mafaili ya mikorosho yalirudi mapande, ukifungua unakuta alama za ajabu kama mchanga uliomwagwa.

Siku ya tano nikakumbuka CD ya kwenye droo. Nayo ilikataa kufunguka, kwa kuwa fundi wa zamani alikuwa amefunga kazi yangu yote ndani ya faili moja kubwa kwa programu ya bakapu ya mfumo ule wa zamani, na mfumo mpya haukuitambua. Jofrey alizunguka mji mzima mpaka akapata duka la kutoa kopi ambalo bado lilikuwa na kompyuta ya enzi zile, imekaa chini ya meza imefunikwa kitambaa. Hapo ikafunguka. Mistari kumi ya kwanza ilitoka mizima, mti kwa mti, na majina ya mama zake. Nililia mbele ya watu waliokuja kutoa kopi za vyeti.

Mistari kumi ya pili haikuwa na CD, haikuwa na daftari, haikuwa na kitu.

Sasa ninaandika lile linaloniuma. Kufuta faili kwa kutojua hutokea, nami nisingewachosha kwa hilo. Linaloniuma ni nililofanya baadaye. Palikuwa na mtu mmoja duniani aliyekata vile vikonyo kwa mkono wake, na mtu huyo alikuwa hai, anakaa Msimbati kwa binti yake, na ana simu. Mabibo yalikuwa mtini. Mzee Likwati aliitambua mikorosho yake kwa mabibo na korosho: huu bibo refu la njano, huu jekundu lenye kiuno, huu korosho yake imepinda kama kidole cha mzee. Ningempigia siku ile ile. Sikumpigia. Niliona haya. Moto ule wa stoo ulikuwa mbele ya macho yangu, na mimi nikimwambia hata neno moja halikubaki nje.

Kwa meneja nilisema nashughulikia. Nilisema hivyo Oktoba, nikasema Novemba.

Mwezi huo wa Novemba Mzee Likwati alinipigia mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekumbuka mikorosho yangu. Mstari wa kumi na nne mwaka huu umezaaje?"

"Umezaa vizuri."

"Na ule wa mabibo madogo, unaoangusha mapema?"

Sikujua anasema mti upi. Hilo ndilo nililopaswa kumuuliza: upi, mzee, namba ngapi, mama yake ni nani? Alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe. "Huo pia umezaa vizuri," nikasema. Akacheka, akaniombea dua, akakata simu. Nje ya dirisha vibarua walikuwa wanaokota korosho za mstari wa kumi na nne na kuzitia kwenye mifuko yenye namba.

Nilikwenda Msimbati mwezi wa Januari, mvua zimeshashika. Nilimkuta amekaa barazani anasuka kamba, amekonda, macho yameanza kuingia ukungu. Nilimweleza yote, flashi, ile ndiyo, CD, simu ya Novemba. Binti yake, Mwanahawa, aliacha kupepeta mchele akasikiliza pia.

"Lini haya?" aliuliza mzee.

"Tangu Septemba."

Aliweka kamba chini. "Korosho zimekwisha mtini, Salma," alisema. Katika miaka yote hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina bila kuanza na mwanangu.

Hata hivyo alikuja. Nilimpelekea gari la ofisi, akashuka na kofia yake ile ile, akaanza mstari wa kumi na moja. Alishika magome, alivuta matawi, aliponda majani akanusa. Alisimama mbele ya mti kwa muda mrefu mpaka vibarua wakaanza kutazamana. Kwa mingine alisema bila kusita: huu ni wa Bi Mwajuma wa kule bondeni, huu ni wa kaka yake. Mingi alitikisa kichwa.

"Kisia tu, mzee," nilimwomba. "Hata kama huna hakika. Nitaweka alama ya kuuliza."

"Nikikisia, wewe utaandika," alinijibu. "Ukishaandika, atakayekuja baadaye hatajua kwamba nilikisia. Andika sijui. Mabibo yakiwiva niite, siku hiyo hiyo ya kwanza. Usingoje hata Ijumaa ipite."

Tulitoka na majina ya miti isiyofika robo. Nilimrudisha Msimbati. Njiani tulizungumza habari za wajukuu.

Alifariki wakati wa kipupwe, mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inachipua. Homa ya siku tatu. Nilifika kabla ya maziko, nikakaa na wanawake uani. Mwanahawa alinisogelea akanishika mkono. "Alikuwa ananiuliza kila siku," aliniambia, "watu wa mradi wamepiga simu? Mikorosho yao imetoa maua?" Alidhani ananifariji.

Baada ya hapo nilimwandikia meneja barua ya kurasa mbili, nikaeleza kila kitu pamoja na ile ndiyo. Nilipewa onyo la maandishi. Nililiona dogo. Kisha nikafungua faili jipya la mistari 11–20, nikaingiza miti aliyoitambua mzee, na kwa mingine yote kwenye safu ya mti mama nikaandika haujulikani, haujulikani, mmoja baada ya mwingine. Ningeweza kuandika mara moja nikainakili kushuka chini, mashine inaruhusu. Niliandika mmoja mmoja kwa vidole vyangu.

Kwa hiyo nyinyi mliokuwa mnalalamika kwamba Bi Salma anawasumbua, anadai kila bakapu ifunguliwe mbele yake kwenye mashine ya pili, anasoma ukubwa wa faili kwa sauti, anachapa orodha ya miti mama kila mwaka na kuiweka kwenye kopo la biskuti, sasa mnajua. Mfumo ukibadilishwa, fungueni faili la katikati, si la kwanza tu. Na likipotea kitu, msiende kwanza kwa fundi. Nendeni kwa mtu aliyekitengeneza, mngali mna aibu, bila kungoja ipoe.

Limebaki moja. Mwaka mmoja kabla sijastaafu alikuja ofisini mama wa makamo, Bi Zuhura, kutoka kijiji cha karibu na mlango wa Ruvuma. Mkorosho wa marehemu baba yake ulikuwa umeangushwa na upepo. Alikumbuka kwamba zamani alikuja mzee mfupi na baiskeli akakata vikonyo, akawaambia uzao wa mti ule utakaa kwetu. Alitaka miche. Nilimwambia ukweli, kwamba mtoto wa mkorosho wa baba yake yuko shambani kwetu, ila hatujui ni upi.

"Mmempoteza?"

"Yupo. Tumepoteza jina."

Aliomba aende aone. Ilikuwa Novemba, mabibo yameiva. Alipita mti kwa mti, akiokota bibo, akiling'ata, akitema, akiendelea, juisi ikimtiririka mpaka kwenye viwiko. Mimi nilifuata nyuma na karatasi zangu. Katika mstari wa kumi na saba alisimama, akala bibo zima, akaokota la pili.

"Huu unafanana," alisema.

"Una hakika, dada?"

Alifikiri. "Nilikuwa mdogo," akasema. "Baba alikuwa ananimenyea. Sina hakika. Lakini nibebesheeni huu. Nikiwaambia wanangu ni wa babu yao, sitakuwa nimesema uongo sana."

Miche mitano ilikuwa tayari msimu wa mvua, akaja kuichukua. Katika kitabu cha kutolea miche kuna safu ya mti mama, nami nikaandika haujulikani. Bi Zuhura aliisoma juu chini, akaniangalia, akaniomba ile kalamu nene tunayoandikia mifuko. Akapiga goti mchangani, na juu ya mfuko mweusi wa mche wa kwanza akaanza kuandika jina la baba yake, herufi moja moja. Plastiki ilikuwa inateleza. Nikainama nikaushika mche kwa mikono miwili mpaka alipomaliza, kisha nikaushika wa pili.